DBA ya Texas: cheti cha jina sio kampuni, nimechoka kusema

Wiki hii karibu kila mtu ameuliza kuhusu DBA ("doing business as", yaani cheti cha kufanya biashara kwa jina lisilo lako) huko Texas, Marekani, kwa hivyo tumalizane na Texas.

Nafanya usafi wa maofisi Houston, niko peke yangu. Lazima niende kwa karani wa kaunti kuchukua cheti cha jina?

Inategemea unajiitaje. Kama biashara imebeba jina lako la ukoo, tuseme Mwangi Cleaning, huhitaji cheti. Ukijiita Safisha Bora unahitaji, na hata ukiweka la ukoo halafu ukaongeza "& Sons" ama "Company" unahitaji pia, sababu hapo unamwambia mteja mko wengi na kumbe ni wewe na mopu yako. Unafile kwenye kaunti yenye ofisi yako. Kama huna ofisi popote, unafile kila kaunti unayofanyia kazi, na Houston imemwagika kutoka Harris hadi Fort Bend na Montgomery, so hesabu ada mara ngapi.

Na tafadhali msisaini fomu nyumbani! Inasainiwa mbele ya notari ama mbele ya karani mwenyewe, ukiwa na ID. Kila mwezi kuna mtu analia kwamba amerudishwa.

Nina LLC (kampuni ya dhima yenye kikomo) na nataka jina lingine la biashara. Kaunti gani?

Hakuna. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 LLC na kampuni zinafile kwa Secretary of State wa Texas (ofisi ya jimbo inayosajili kampuni) peke yake, dola 25.

Nilisajili jina Dallas, sasa kuna jamaa analitumia hapa hapa Dallas na yeye pia ana cheti! Karani aliruhusu vipi?

Aliruhusu kwa sababu kukataa si kazi yake. Nyinyi mmezoea eCitizen ya serikali ya Kenya, ambapo jina linatafutwa kwanza na likifanana na la mwenzako unarudishwa. Huku karani anapokea fomu, anachukua ada, anaweka kwenye rekodi, basi, ili mtu akikudai ajue nyuma ya jina kuna nani. Hukununua jina. Watu wawili wanaweza kuwa na jina moja kaunti moja, na Texas ina kaunti 254, sasa piga picha. Ukitaka kulilinda tafuta alama ya biashara, ya jimbo ama ya USPTO (ofisi ya Marekani ya hataza na alama za biashara), na weka ushahidi wa lini ulianza kulitumia.

Halafu hukuuliza lakini nitakwambia: hicho cheti hakikukingi na kitu. Mteja akiteleza kwenye sakafu uliyopiga deki anakushtaki wewe, akaunti yako, sio "biashara". Yule broka aliyekuambia amekufungulia kampuni na kumbe amejaza karatasi moja ungeijaza mwenyewe kwa dakika kumi, mdai pesa yako.

Nimepata barua inasema nilipe haraka nipewe cheti rasmi na mabango ya sheria za kazi.

Tupa. Rekodi za kaunti ziko wazi, hao wanatoa anwani yako huko. Ndio maana nasema fikiria mara mbili kabla hujaandika anwani ya nyumbani. Namba ya kodi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ni bure, na permit ya sales tax (kodi ya mauzo) ya Texas pia ni bure, usimlipe mtu.

Nisipofile itakuwaje?

Mikataba yako inabaki halali, lakini mteja akikataa kulipa huwezi kumfungulia kesi mpaka ufile kwanza. Ukikwepa makusudi ni kosa la jinai, hadi mwaka mmoja jela na faini hadi dola 4,000.

Cheti kinaisha lini?

Miaka 10 ndio mwisho. Kuhuisha ni ndani ya miezi 6 kabla kiishe. Mwenye biashara akibadilika, una siku 60 za kufile kipya.

Niko na viza ya mwanafunzi, karani atanikubalia?

Atakubali vizuri tu, hakuulizi viza. Hapo ndipo wengi wanajidanganya, eti kaunti imekubali so niko sawa. Cheti sio ruhusa ya kufanya kazi, na watu wa uhamiaji hawajali muhuri wa kaunti. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujachapisha hata kadi moja.