Mawazo mengi na mimba ya wiki 28

Dada, umesema mume kasimamishwa kazi, usiku hulali, na unaogopa kwamba machozi yako yanamdhuru mtoto. Kulia hakumdhuru, tafadhali usijibebeshe lawama hiyo. Mwenye msongo hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, na kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Shida ni msongo mkali unaodumu wiki nyingi: hatari ya kujifungua kabla ya wiki 37, au mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5, huongezeka. Hata hivyo wengi hujifungua salama.

Mara nyingi madhara huanzia kwenye mambo ya kila siku. Mama hali chakula, hapati usingizi, anaruka kliniki, vidonge vya kuongeza damu vinabaki kabatini. Kwa hiyo anzia hapo. Ukishindwa sahani nzima, kula kidogo kidogo mara tano, hata uji wenye maziwa. Chai ya majani na kahawa ziishie mchana. Kitandani lala kwa ubavu, vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, kwa dakika 5. Dawa za usingizi usinunue mwenyewe.

Huzuni ikidumu wiki 2, mwambie muuguzi waziwazi. Usisubiri tarehe ya kadi. Mtoto akipunguza kucheza, ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au ukipata wazo la kujidhuru, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.