Programu zikigoma kuingia kwenye Ubuntu mpya

Umeweka Ubuntu 24.04, na sasa kila programu unayosakinisha inagoma. Usikimbilie kufuta mfumo na kuanza upya, maana utamaliza bando bure na kosa utalikuta palepale. Soma kwanza mstari unaoanza na E: kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Ukiona "Could not get lock", hakuna kilichoharibika. Ubuntu ikipata intaneti hujisasisha yenyewe chinichini, na kazi mbili haziruhusiwi kugusa vifurushi (mafungu ya faili za programu) kwa pamoja. Subiri imalize. Wapo wanaoshauri ulifute faili la lock, yaani kufuli linalozuia kazi hizo zisigongane. Tafadhali usifanye hivyo, unaweza kuacha vifurushi nusunusu.

Kosa linalosumbua hasa kompyuta za mtumba, kama hizi tunazonunua Kampala, ni la saa. Betri ndogo ya CR2032, ya volti 3, inayoendesha saa kompyuta ikiwa imezimwa, imekufa. Kompyuta ikikosa umeme, saa inarudi nyuma. Apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, inakuta orodha ya vifurushi ina tarehe ambayo kwake bado haijafika, inaikataa kwa maneno "is not valid yet". Kivinjari nacho kinalalamikia vyeti vya tovuti. Andika timedatectl uone tarehe, kisha iambie saa ijirekebishe kwa mtandao:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala
sudo timedatectl set-ntp true

Dakika chache baadaye rudia sudo apt update. Mtandao wa ofisi ukizuia saa kujirekebisha, weka false badala ya true, halafu ujaze tarehe mwenyewe kwa set-time. Hiyo ni nafuu ya muda tu, betri lazima ibadilishwe. Ya kompyuta ya mezani inachomoka kwa kucha. Ya laptopu nyingi imevikwa plastiki na ina nyaya mbili, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani ili plagi zilingane.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji utaambiwa "dpkg was interrupted", yaani dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kuweka vifurushi, kilikatizwa. Fuatanisha hizi mbili:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya pili inaweza kupendekeza kuondoa vifurushi. Isome orodha yote kabla ya kubonyeza Y.

"Unable to locate package" mara nyingi ni jina lililokosewa, au apt update haijafanywa. Kama vyote viko sawa, jaribu sudo add-apt-repository universe, inayowasha hazina ya programu za ziada.

Na faili la .deb, yaani kifurushi unachokipakua mwenyewe, likikatikia njiani, lisakinishwe tu likikamilika. Ukilipakua kwa amri ya wget -c, linaendelea pale lilipoishia.