Kuchora Maji Yaliyotulia

Mtu anayetaka kuchora ufukwe uliotulia ausome kwanza upepo, kabla hajagusa brashi. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilikuwa nikifika pwani ya Msasani saa nne asubuhi, upepo wa baharini ukiwa umekwisha kuamka, nikirudi nyumbani na picha zilizojaa viwimbi, zisizo na utulivu wowote ingawa ngalawa nilikuwa nimezichora vizuri. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu karibu nami, ndiye aliyenishauri nije alfajiri, hasa majira ya tanga mbili, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijashika, na nichague siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupwa mbali mno na mchoraji huachiwa matope na miamba.

Tangu hapo nafika kabla ya saa kumi na mbili. Jua letu huchomoza upande wa baharini, kwa hiyo ngalawa huonekana nyeusi mbele ya mwanga, na maji huchukua rangi ya mbingu badala ya ile buluu ambayo wengi wetu huifikia kwa mazoea.

Sisi wa Dar es Salaam tumekulia kwenye uchoraji wa Tingatinga, uliozaliwa Oyster Bay miaka ya 1960, wenye rangi kali na nyuso bapa. Naupenda sana, lakini kwa maji matulivu nilihitaji mwalimu mwingine, nikampata kwa Fitz Henry Lane, Mmarekani aliyechora bandari ya Gloucester, Massachusetts, katikati ya karne ya 19. Katika kazi zake alama za brashi karibu hazionekani. Mstari wa upeo umelala chini, mbingu imechukua sehemu kubwa ya turubai, na mwanga hubadilika polepole kiasi kwamba jicho halipati mahali pa kukwama. Mfaransa Claude Monet, alipochora bandari ya Le Havre mwaka 1872, aliziacha alama hizo wazi, na ndiyo maana maji yake yanatikisika. Kwa utulivu ninaoutafuta namchagua Lane bila kusita.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana wanaoniletea kazi zao ni kuchanganya kivuli na taswira, yaani sura ya kitu inayoonekana majini. Kivuli hufuata jua. Taswira ya mlingoti hushuka wima kumwelekea anayetazama, jua liwe upande wowote. Tena, kitu cheupe hufifia kidogo kikiakisiwa majini, na cheusi hupungua weusi wake, hivyo usiinakili ngalawa kichwa chini kwa rangi zilezile. Maji ya mbali yapake mepesi, kwa kuwa huko yanaakisi mbingu zaidi. Ya miguuni pako yatie kina na ukijani, kwa sababu hapo jicho hupenya ndani.

Punguza vitu, hata vile unavyovipenda. Katika picha yangu ya karibuni nilifuta wavuvi wanne na mnazi mmoja, nikabakiza ngalawa moja iliyotia nanga na, kwa mbali, kisiwa cha Bongoyo kama ukanda mwembamba wa kijivu. Ilinichukua asubuhi tatu za kuitazama tu, brashi zikiwa mfukoni, hadi nikaridhika kwamba nafasi ile tupu haikuhitaji kitu.