Kabla hujanunua gia boksi nyingine ya Hilux, fungua mfuniko wa rejeta

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza: Hilux dabo kebini ya 1999, otomatiki. Asubuhi inaondoka vizuri, ikishapata moto injini inanguruma na gari haivuti, na ukiweka rivasi inakaa kwanza ndipo inashtuka. Fundi kakwambia gia boksi imekufa, utume hela Dar uletewe ya mtumba. Inawezekana kweli imekufa. Ila nakuomba usitume hela leo. Mimi nilifuata ushauri huohuo miaka mitatu iliyopita, nikaua gia boksi mbili ndani ya wiki tano.

Yangu ina injini ya 3RZ ya petroli, inavuta magurudumu yote manne, gia boksi ni A340F ya gia nne. Nilikuwa napakia dagaa Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kupeleka Shinyanga, mara mbili kwa wiki. Siku hiyo nimeshapita Usagara, naelekea Misungwi, mshale wa mizunguko ya injini ukapanda ghafla huku gari inapungua mwendo. Nikaegesha, nikazima, nikasubiri nusu saa. Ikaenda kilomita mbili ikagoma kabisa. Dagaa wakahamishiwa kwenye Fuso ya watu, mimi nikavutwa kurudi Nyakato, propela shafti, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zimefunguliwa na kutupwa kwenye bodi. (Kama yako itabidi ivutwe, fanya hivyohivyo. Otomatiki ikivutwa magurudumu yanazunguka na injini imezimwa, pampu haisukumi mafuta, inajisaga kavu.)

Walipofungua sampu, lile bakuli la chini ya gia boksi, haidroliki (mafuta ya gia boksi) iliyomwagika kwenye beseni haikuwa nyekundu wala nyeusi. Ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi. Niliiona kwa macho yangu. Fundi akasema imechoka tu, nami sikuuliza zaidi. Nikanunua nyingine, milioni moja na laki sita pamoja na usafiri, ikafungwa, ikavuta hadi nikafurahi. Siku ya kumi na tisa ikaanza kuteleza vilevile.

Safari hii nilimwendea mzee mmoja Mabatini. Hakuingia hata chini ya gari. Alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kidole, akakisugua na dole gumba, akaninyooshea. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa mafuta ya pinki. Akaniambia, "Mwanangu, gia boksi yako inakunywa maji."

Nikuelezee, maana hapa ndipo hela yangu ilipopotelea. Kwenye Hilux hizi, haidroliki ya gia boksi inapoozwa ndani ya rejeta. Kwenye tangi la chini kuna bomba dogo linalopita katikati ya maji. Bomba hilo likioza, maji na haidroliki vinakutana. Injini ikiwa inafanya kazi, haidroliki ndiyo yenye presha kubwa, inatoka kuingia kwenye rejeta. Ukizima injini ingali ya moto, presha inabaki upande wa maji, na maji yanaingia gia boksi. Mle ndani kuna diski za chuma zilizogundishwa ngozi laini ya aina ya karatasi ngumu. Maji yakifika, gundi inaachia na ngozi zinabanduka. Ukifunga gia boksi nzima kwenye rejeta ileile, unaipeleka kufa.

Bomba lilioza kwa nini? Kwa mkono wangu mwenyewe. Kila nikifika Mwaloni nilikuwa nachota maji ya ziwa kwa kidumu na kujazia. Miaka minne bila kulanti, yale maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kidumu cha kulanti ni kitu kidogo mno ukilinganisha na nilichokuja kulipa.

Kwa hiyo anza hapo. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, halafu chomoa stiki ya kupimia mafuta ya gia boksi uifute kwenye kitambaa cheupe. Ukiona uji wa ulezi upande wowote, nunua rejeta mpya, hakuna mjadala, na mabomba ya haidroliki yasafishwe na kupulizwa mpaka yatoe hewa safi. Ukiona nyekundu iliyokolea bila harufu ya kuungua, shuku kwanza mafuta kupungua, chujio kuziba, au nyaya za solenoidi, zile vali ndogo za umeme za gia boksi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na unga wa chuma kwenye sampu, hapo fundi wako yuko sahihi.

Ukinunua, usiseme tu "ya Hilux". Soma kibao cha bati kwenye ukuta wa chumba cha injini, kinaandika namba ya gia boksi. A340E ni ya magurudumu mawili, mkia wake si sawa na wa A340F. Soketi za nyaya nazo zilingane. Na idai ije na toki konvata yake, lile dude la duara la mbele linalounganisha injini na gia boksi, kwa sababu la zamani limejaa uchafu ule ule unaoukimbia.

Sasa kufunga. Hapa simama na fundi wako, usiende kunywa chai. Toki konvata ikisukumwa huku inazungushwa kwa mkono, inazama kwa hatua. Inagonga "ko", inaingia kidogo, inagonga tena, halafu inagonga mara ya tatu ndipo inakaa. Wengi wanaishia ya pili. Kisha gia boksi haikutani vizuri na injini, fundi anaivuta kwa kukaza boliti, na pampu inapasuka kabla hata hujawasha. Gia boksi inatakiwa ikutane na injini kwa mikono tu, boliti ziingie kwa vidole. Zikikutana, toki konvata bado izunguke kwa uhuru na ibaki nafasi ndogo kati yake na flaiwili, lile bamba la duara nyuma ya injini. Yule mzee aliirudisha nje ya kwangu mara mbili kwa sababu hakuridhika na nafasi hiyo. Nilimwacha achukue muda wake, na bado inatembea.

Mafuta: haidroliki ya aina ya Dexron, weka kama lita nne kwanza, washa, ongeza taratibu, pitisha leva kwenye gia zote, rudi P (ya kuegesha), pima ikiwa ya moto na injini ikiwa inaunguruma. Ukipima imezimwa utadanganywa.

Kuhusu kubadili iwe ya manyuo, yaani ya kubadili gia kwa mkono, mimi siwezi kukushauri. Pedali, klachi, flaiwili, shafti, nyaya za kompyuta, vyote vinabadilika, na gereji nyingi zinakuachia kazi nusu.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua huo mfuniko. Piga picha ya ulichokiona uiweke hapa, tuitazame kabla hujatuma hata senti Dar.