Ndege ikifika mpakani, simu ndo kazi yenyewe

Naandika hii kwa wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye konsoli, na hata kwa sisi wa muda mrefu maana ndo tunaozoea vibaya. Kwenye kazi ya kuongoza ndege hatari kubwa mimi nimeiona pale mpakani, ndege inapotoka mikononi mwako kwenda kituo cha jirani na kila mmoja anaamini mwenzake anajua.

Mchana mmoja wa masika, mawingu yamejaa, nilishampa jirani estimeti, yaani muda wa kufika mpakani, ya ndege inayoelekea mashariki levo 150, yaani kimo cha kama futi 15,000, akapokea vizuri kabisa. Baadaye rubani akaomba 160 akwepe wingu. Sasa kwa anayeenda mashariki 160 sio levo yake, ni ya wanaoelekea magharibi, kwa hiyo ilikuwa lazima jirani akubali kwanza. Nikapiga, laini bize. Rubani akaomba tena, sauti yake unasikia kabisa anatikiswa, nikampa, nikijisemea ntapiga tena sasa hivi. Nikakata ile 150 kwenye stripu, kile kikaratasi cha taarifa za ndege, kwa kalamu nikaandika 160, na hapo ndo nilipopotea, maana stripu ukiiangalia imekamilika kabisa, kumbe ya mwenzangu upande wa pili bado inasoma 150. Ndege mbili zikaniita kwa pamoja, simu nikaisahau.

Kilichotuokoa ni rubani kuhamia redio ya kule mapema, aliposema yuko 160 mwenzangu akashtuka maana alikuwa na nyingine inakuja kwa mbele kwenye 160 hiyohiyo, akaishusha palepale. Zilikuwa bado mbali, namshukuru Mungu. Alinipigia, hakugomba, aliniuliza tu "kaka mbona hukuniambia?" Usiku ule sikulala.

Tangu siku ile, stripu ambayo simu yake haijapigwa naichomoa kidogo inakaa upande upande kwenye ubao, hairudi kwenye mstari mpaka nimsikie jirani anarudia levo kwa mdomo wake. Na laini ikiwa bize rubani anasubiri, au namgeuza apite pembeni ya wingu ndani ya anga langu mwenyewe.

Kingine, tuache kufupisha kwa sababu tunajuana. Unakuta umesoma na mwenzako darasa moja, anapokea simu anasema "sawa nimekupata" na wewe unakata, sasa amepata nini? Arudie namba ya ndege, levo, na muda. Na muda jamani msitaje kwa saa za Kiswahili hata kama mnaongea Kiswahili, nawaomba sana. Saa nane na dakika ishirini mchana kwetu ni 1120 UTC, zile saa za kimataifa tunazotumia kwenye ndege, ila mwenzako amechoka, anasikia nane na ishirini mkono unaandika 0820. Taja tarakimu moja moja kama zilivyo kwenye stripu.

Halafu simu zenyewe. Kila ninayemfundisha namsimulia ajali ya ndege mbili kugongana angani Überlingen, Ujerumani, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Anga lile lilikuwa linaongozwa kutoka Zürich, muongoza ndege mmoja anahudumia sehemu mbili peke yake, simu kuu imezimwa kwa matengenezo na ya akiba ina hitilafu. Alikuwa anahangaika kuupata uwanja wa ndege wa Friedrichshafen kwa simu kwa ajili ya ndege inayotua, haipatikani. Wenzake wa kituo jirani cha Karlsruhe waliona kwenye rada yao, kama dakika 2 kabla, kwamba Tupolev ya abiria kutoka Urusi na Boeing ya mizigo zinaelekea kugongana, wakapiga Zürich wakapiga tena, haipokelewi. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na maelekezo ya TCAS, mtambo wa ndani ya ndege wa kuzuia kugongana, kupingana na ya muongoza ndege, ila mimi kinachoniuma mpaka leo ni yule wa Karlsruhe, anaona kila kitu na hana pa kusemea. Wakafa watu 71, wengi watoto wa shule kutoka mji wa Ufa, Urusi.

Kwa hiyo ukipokea zamu, kabla hujakaa, inua simu ya kila jirani na ya akiba pia. Mimi napiga hata kama aliyeniachia kiti amepiga dakika kumi zilizopita, jirani anapokea, tunasalimiana, namuuliza na hii nyingine unanisikia, akijibu ndo navaa hedifoni.