Usiku naupanda, magharibi naikwepa

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wa Nairobi kama huwa tunaendesha baiskeli jua likishatua, na kama ndiyo, tunaogopa nini. Mimi huendesha, siku nne au tano kwa wiki, kutoka kazini Industrial Area hadi nyumbani Donholm kupitia Jogoo Road. Giza haliniogopeshi sana. Naogopa magharibi, ile nusu saa kabla giza halijawa giza.

Sisi tuko karibu na Ikweta, na jua letu halina mbwembwe za kuaga: linadondoka wima. Likishazama, mwanga unaobaki ni wa dakika 20 na kidogo tu. Jicho la binadamu nalo linataka kama nusu saa kulizoea giza sawasawa. Kwa hiyo giza hufika kabla ya macho. Na muda huohuo nusu ya madereva hawajawasha taa, maana kila mmoja anajiambia mbona bado naona.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nakaribia nyumbani, jua liko mgongoni. Mbele yangu kila kitu kilionekana wazi, hadi nyufa za lami, nami nikajiona salama kabisa. Gari dogo likawa linakuja, kioo chake cha mbele kimejaa jua. Dereva alikuwa ameweka kiganja juu ya macho kama nahodha anayetafuta nchi kavu. Akakata kulia kuingia kwenye geti, mbele yangu hasa. Nilibana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likaserereka, nikajikuta kwenye kokoto, mguu wa kulia umenasa kwenye cheni. Aliteremka mikono ikimtetemeka. "Boss, naapa sikukuona." Nilimwamini. Kilichofanya mimi nimwone vizuri namna ile ndicho kilichomziba macho yeye.

Usiku wenyewe, ukiwa na taa, una nafuu. Nasema taa kwa maana ya taa. Babangu alikuwa na baiskeli ya Black Mamba yenye dainamo, ile chupa ndogo inayosuguana na ubavu wa tairi huku ikilia ziii njia nzima. Ukikazana, taa inang'aa, ukichoka mlimani, inafifia, ukisimama, inazimika. Yaani pale njia panda, mahali unapotaka kuonekana kuliko pengine popote, unakuwa kivuli. Siku hizi taa ndogo za kuchaji zimetuondolea hilo. Yangu ya mbele ni nyeupe, na nimeiinamisha itazame lami, baada ya makanga mmoja wa matatu kunipigia kelele akiwa ananing'inia mlangoni: "Mzee, unatupofusha!" Alikuwa na haki. Ya nyuma ni nyekundu, nayo nimeifunga kwenye nguzo ya kiti, si kwenye begi, kwa sababu begi hulala upande na taa ikaishia kumulika mbingu.

Lakini kitu nilichokuja kukithamini kuliko vyote ni zile rifleta za manjano kwenye pedali. Ni vipande vidogo tu vya kurudisha mwanga wa taa za gari, na fundi wangu aliziweka bila hata kuniuliza. Ya kwenye begi au jaketi inatulia, dereva anaweza kudhani ni kibao cha barabarani. Za pedali zinapanda na kushuka, na dereva aliye nyuma anajua bila kufikiri kwamba pale mbele kuna miguu ya mtu.

Wezi? Wapo. Sisimami chini ya daraja la miguu kupokea simu, basi.

Kinachonitesa zaidi ni mwanga wenyewe jinsi ulivyogawanywa. Chini ya zile nguzo ndefu za taa za mtaa, mulika mwizi, naona kama mchana, kisha mita chache mbele naingia kwenye kivuli na sioni hata mkono wangu. Ni hapohapo shimo la maji taka linaponingoja, mfuniko wake umeshauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Nikitoka kwenye mwanga mkali huwa naacha kukanyaga pedali kwa muda, baiskeli ijiendee polepole mpaka macho yarudi. (Mulika mwizi nyingine, ile simu ndogo yenye tochi, nimeona mtu akiendesha huku ameiuma kwa meno. Siipendekezi.)

Kazi yetu huisha saa kumi na mbili, na wenzangu wengi huondoka mbio wakitaka kuwahi kabla giza halijaingia. Mimi huketi na askari wa getini tukanywa chai ya rangi hadi saa moja ipite. Nikianza kutoka hunimulika miguu kwa tochi yake, nami nazungusha pedali kinyumenyume mara mbili tatu ili azione. "Zinawaka," husema, kisha anafungua geti.