Kuchemsha tu hakutoshi

Umeuliza: kama mmea unatibu, kwa nini wanasayansi wahangaike miaka maabara badala ya watu kuchemsha majani na kunywa? Ndugu yangu, wakati mwingine huko kuchemsha ndiko kunakoiua dawa. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia, majibu yalikuwa yanamchezea: leo nzuri, kesho hovyo. Akarudi kwenye maandishi ya tiba ya kale, akakuta maelekezo ya kuloweka majani majini na kukamua. Moto haukutajwa. Akatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye majani, kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dondoo lake likafuta vimelea vyote kwa panya wa majaribio. Tuzo ya Nobeli akaipata 2015.

Halafu kuna suala la kutafuta hiki ukapata kile. Kuna ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, Catharanthus roseus, lililosifiwa kwa kutibu kisukari. Watafiti wa Kanada walipowanywesha panya dondoo lake, sukari haikushuka. Walipowadunga sindano, panya wakafa kwa maambukizi, maana seli nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Mwingine angetupa kila kitu! Wao wakaona kwamba kinachopunguza seli nyeupe kinaweza kupambana na saratani ya damu, na humo zikatoka dawa za saratani, vinblastini na vinkristini, ambazo hospitali zinazitumia hadi leo.

Na hizo ni sumu kali, kwa hiyo hilo ua usijaribu kulichemsha nyumbani.